Kwaheri za Kidato cha Nne

Ikiwa uko jikoni unawasha moto, au umekwisha kushika njia ya shambani, twakuomba dakika chache tu, kisha uendelee na kazi zako.

Majuma haya ya mwisho wa Novemba, mtu akisimama kwenye kituo cha matatu hapa Nakuru huona jambo. Magari yatokayo Njoro, Molo, Subukia na Bahati yamebeba juu masanduku ya bati, na magodoro yaliyokunjwa yakafungwa kwa kamba. Wenye mizigo ni vijana wa Kidato cha Nne ambao wamemaliza karatasi ya mwisho ya mtihani. Nayo mashati yao meupe si meupe tena. Yameandikwa kila mahali, mgongoni, kifuani, hata kwenye ukosi: majina, majina ya utani, na kwaheri. Mama mmoja wa kanisa letu alitueleza kwa uchungu kwamba shati lile alilinunua Januari, na mdogo wake yule kijana angalilivaa miaka miwili mingine. Tulimwonea huruma mama huyo. Hata hivyo tulimwomba atuache tulisome kwanza kabla hajalitia sabuni.

Mmoja alikuwa ameandika: kwaheri githeri, tukikutana tena wewe utakuwa umeiva nami nitakuwa nimeshiba. Mwingine: kwaheri kengele ya saa kumi na nusu alfajiri, sasa ujiamshe mwenyewe. Na kule chini, karibu na pindo, kwa maandishi madogo sana: ukinihitaji nitafute Ikulu, umuulize askari wa langoni, ndiye mimi.

Tulicheka. Baadaye, tukiwa njiani kurudi nyumbani, maneno ya yule askari wa langoni yalituandama. Kijana yule alianza kwa kutaja Ikulu, kisha akajishusha mwenyewe mpaka langoni kabla mtu mwingine hajamshusha. Alijifanyia mzaha mapema ili mzaha wetu, utakapokuja, umkute amekwisha kucheka.

Jambo hili twalijua, kwa maana nasi tulipita hapo. Tulimaliza Kidato cha Nne mwaka 1998, katika shule ya bweni iliyo kwenye nyanda za juu za wilaya hii, kule ambako ukungu huondoka saa nne. Siku zile kila mwanafunzi alikuwa na daftari la otografu. Ulilizungusha darasani, na kila mwenzako alijaza ukurasa mmoja: jina, jina la utani, chakula apendacho, nia yake maishani, na neno la kuaga. La kwetu tunalo mpaka leo. Jalada limetoka na panya wameonja pembe moja, lakini lasomeka.

Sisi tunaosema nanyi asubuhi hii tuliandika katika madaftari ya wenzetu kwamba tutakuwa rubani. Hatukuwa tumepata kuikaribia ndege hata moja, isipokuwa zile ndogo zilizotua Lanet, ambazo tulizitazama kutoka upande wa pili wa ua. Jirani yetu wa dawati aliandika kwamba atakuwa Waziri wa Fedha, na kwamba deni lake la mandazi, shilingi kumi na nne, atatulipa siku ya kuapishwa. Tangu siku ile sisi tukaitwa Rubani naye akaitwa Waziri.

Miaka tisa ikapita. Ninyi mliokuwako mnakumbuka yaliyotupata baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Januari 2008 watu kwa maelfu walikimbia makwao, wakaja kukaa katika mahema kwenye Uwanja wa Maonyesho hapa Nakuru. Kanisa lilituma vijana wagawe mablanketi na unga, nasi tulikuwamo. Katika foleni ya unga tukamwona Waziri, ameshika mkebe, na mtoto wake amemshika suruali. Nyumba yake ilikuwa imechomwa. Hatukujua tutazame wapi. Naye ndiye aliyetuokoa. Akasema, "Rubani ndugu yangu, usinitazame hivyo. Wizara ya Fedha imehamia hemani kwa muda tu. Na lile deni la mandazi liko palepale." Tukacheka wote wawili, tukacheka mpaka mama aliyekuwa nyuma yake akatukemea kwamba tunazuia foleni.

Usiku ule hatukupata usingizi. Mtu huyu na sisi hatukuzaliwa katika kabila moja, na majuma yale hilo lilitosha kabisa kumfanya mtu asimtambue mwenzake barabarani. Sisi tulitambuana kwa sababu ya mzaha wa watoto wa miaka kumi na minane. Leo anauza vipuri vya baiskeli na pikipiki huko Gilgil, na biashara yake yaenda vizuri. Deni hajalipa.

Laiti tungeweza kuishia hapo. Lakini katika daftari lile kuna ukurasa mwingine, nao ndio uliotufanya tuchague neno hili la leo. Alikuwako kijana mmoja mkimya, hodari wa hesabu kuliko sisi wote. Walimu walisema wazi kwamba huyu ataingia chuo kikuu. Mahali pa nia yake maishani aliandika: kurudi nyumbani nikamsaidie mama. Basi. Hakuweka neno la kuchekesha, hakuaga githeri wala kengele. Tuliona ametuharibia mchezo. Tukachukua kalamu nyekundu, tukaandika chini ya maneno yake, katika daftari letu na katika madaftari mengine matatu, kwamba huyu ni mtoto wa mama, apewe nepi. Daftari likazunguka, darasa zima likacheka, naye akacheka pia. Tunakikumbuka kicheko kile.

Baadaye sana ndipo tulipojua kwamba mama yake alikuwa mgonjwa tangu muhula wa pili, na kwamba alifariki kabla matokeo hayajatoka. Tulikutana naye miaka mingi baadaye kwenye harusi ya mwenzetu mmoja, sisi tukiwa tumekwisha kupewa daraja la ukasisi na kuvaa kola. Tukamvuta kando, tukamwomba radhi. Tulidhani atasema amesahau, kama watu wasemavyo kwa adabu. Hakusema hivyo. Alisema, "Pasta, maneno yale yaliandikwa kwa wino mwekundu. Huyasoma kila mwaka." Kisha akatupa mkono.

Wapendwa, nia ya kijana ni kitu chepesi kuvunjika, nasi wazee tunaishika kwa mikono ya watu wanaobeba mawe. Angalieni tunavyofanya makanisani. Mtihani unapokaribia, huwaita watahiniwa mbele, tukawawekea mikono, na hilo ni jema. Kisha tunampa kila mmoja kipaza sauti aseme atakuwa nani. Daktari! Makofi. Wakili! Makofi. Mhandisi! Makofi na vigelegele. Katika miaka yote ya utumishi wetu hatujasikia mtoto akisema mbele ya ushirika kwamba atakuwa fundi wa mabomba, au atalima viazi Elburgon kama baba yake, ingawa ushirika wenyewe umejaa mafundi na wakulima, na zaka yao ndiyo iliyoezeka paa. Watoto si wajinga. Wameona makofi yanaelekea wapi.

Halafu matokeo yanatoka. Mwaka 2016, mitihani ilipolindwa kwa ukali usiopata kuonekana, waliopata alama ya A nchini kote walikuwa 141 tu. Waliofikia C+, ambayo ndiyo alama ya kuingilia chuo kikuu, walikuwa 88,929 kati ya watahiniwa zaidi ya 570,000, yaani kama 15 katika kila mia. Wale wengine 85 nao walikuwa wamesimama mbele ya makanisa yao na kipaza sauti mkononi. Jumapili iliyofuata wazee wa kanisa walisimama mlangoni, nasi tukiwa miongoni mwao, tukawauliza kwa sauti ya kusikiwa na watu wote: wewe ulipata nini? Kijana mmoja wa kwetu alitujibu, "Nimepata kuamka salama, Pasta," watu wakacheka. Hakuonekana tena kanisani kwa miaka minne. Twajua ni miaka minne kwa sababu mama yake alikuwa akituhesabia.

Fungueni pamoja nasi kitabu cha Mwanzo, sura ya 37. Yusufu anatajwa kuwa na umri wa miaka kumi na saba. Huo ndio umri wa Kidato cha Nne, jambo ambalo tulisoma mara nyingi chuoni bila kuliona. Naye ana ndoto, na kwa kuwa ni kijana, anaisema mbele ya watu wote bila kupima maneno: miganda ya ndugu zake imeuinamia mganda wake. Ndugu zake wakampa jina la utani kwa sababu ya ndoto zake, na siku walipomwona akija kwa mbali kondeni waliitana kwa jina hilohilo wakati wa kupanga namna ya kumwua. Tazama mzaha ulivyo. Ule wa Waziri ulimtia mtu nguvu akiwa hemani, na huu uliandamana na shimo.

Baba yake, Yakobo, alimkemea. Twamwelewa mzee huyo, maana ndoto ya pili ilimhusu yeye mwenyewe pia. Lakini Maandiko yanaongeza jambo dogo katika mstari wa 11: baada ya kumkemea, aliliweka neno lile moyoni. Hakumtaka kijana atoe hesabu ya ndoto yake kila Jumapili, wala hakuitangaza kwa majirani. Aliiweka.

Sasa hesabuni miaka. Yusufu anasimama mbele ya Farao akiwa na umri wa miaka thelathini, sura ya 41. Kati ya kumi na saba na thelathini ni miaka kumi na mitatu ya shimo, ya utumwa, ya kusingiziwa na ya gereza. Kama ushirika wetu ungalikuwa Misri, tungalimpata gerezani tukamwuliza, vipi ile miganda? Na ndugu zake walipofika hatimaye wakainama mbele yake kuomba nafaka, hapo akakumbuka ndoto zake. Hatusomi kwamba aliwaonyesha kidole akawaambia, je, sikusema? Tunasoma katika sura ya 42 kwamba aligeuka kando akalia. Kile alichokitaka sana alipokuwa kijana kilimfikia, naye akakitumia kuwapimia watu chakula.

Mtatuambia kwamba nyakati zinabadilika, na ni kweli. Kidato cha Sita kilifungwa na kumbukumbu yake inazeeka pamoja na wazee. Mtihani huu wa KCSE, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1989, nao unatarajiwa kufikia darasa lake la mwisho mwaka 2027. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia Januari 2026, nao wanachagua njia yao mapema kuliko sisi, wengi wakiwa na miaka kumi na mitano hivi. Basi swali la utakuwa nani litaulizwa mapema zaidi, na makofi yatapigwa mapema zaidi.

Katika kanisa letu tumekubaliana na wazee jambo moja, nalo si kubwa. Jumapili hii vijana waliomaliza watakaa viti vya mbele, na hakuna atakayepewa kipaza sauti. Kila mmoja atapewa mzee mmoja, mama au baba, asiye wa ukoo wake, ambaye atakunywa naye chai baada ya ibada na kumwuliza anachotumaini. Mzee atakayesikia hataruhusiwa kumwambia mtu, hata mkewe. Mzee mmoja amelalamika kwamba hilo la mkewe ni gumu. Tumemwambia ajaribu.

Na ikiwa mwenzetu yule wa hesabu anatusikiliza huko aliko, twataka ajue kwamba ukurasa wake tunao. Maneno yale mekundu hatukuyakata, maana yangesomeka hata yakikatwa. Chini yake tumeandika tarehe ya harusi ile, na jina la mama yake, ambalo alituambia siku hiyo tulipomwuliza.

Tuombe. Ee Bwana, walioko njiani leo na masanduku yao, uwafikishe nyumbani. Waliofika wakakuta jambo ambalo hawakuandikiwa barua juu yake, ukae nao usiku wa leo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.