Mtoto Njiti Anaporuhusiwa Kwenda Nyumbani

Leo tunazungumza nanyi mama, baba na bibi mnaompokea mtoto njiti kutoka hospitali.

Kabla hamjaruhusiwa, muuguzi wa watoto atakaa nanyi. Msiwe na haraka. Mwombeni awaangalie mkimbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi: kichwa kimegeuzwa upande, shingo imenyooka kidogo ili apumue vizuri, kavaa kofia na soksi, na kitenge kimemshika barabara. Shirika la Afya Duniani linashauri abebwe hivyo kwa saa 8 hadi 24 kila siku. Mama akichoka, baba ampokee.

Anyonye kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana. Akiwa amelala, mwamsheni.

Rudini hospitali mara moja mkiona hanyonyi, amelegea, ana degedege, mwili una joto kali au umepoa, kifua kinabonyea anapovuta pumzi, au anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia.

Msiondoke wodini bila tarehe ya kliniki na namba ya simu. Muuguzi akipiga kuulizia hali, mwelezeni kila kitu. Mkiwa na wasiwasi, msisubiri kupambazuke: pigeni.