Umesomea uigizaji, deni la Bodi utalilipaje?

Leo tunazungumza na wewe uliyesoma filamu au sanaa za maonyesho chuo kikuu kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu.

Mwenzako aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mshahara ukiwa shilingi 700,000, makato ni 105,000, na fedha hiyo haipiti mkononi mwake. Msanii je? Yeye hulipwa kwa kazi. Mwezi huu kaigiza tamthilia, mwezi ujao tangazo la sabuni, kisha simu inanyamaza hata miezi mitatu. Hata hivyo sheria inamhesabu kuwa amejiajiri, na aliyejiajiri anatakiwa kurejesha walau shilingi 100,000 kila mwezi, au asilimia 10 ya kipato chake. Deni halingoji msimu wa kurekodi!

Hapo ndipo vijana wengi wanakwama, na inauma, kwa sababu vipaji wanavyo. Nafuu ipo: mwaka 2021 Serikali ilifuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa wachelewaji. Deni halivimbi tena kama zamani.

Malipo ya tamthilia yakiingia, tenga kwanza fungu la Bodi, hata la miezi miwili mbele. Nawe uliyekaa kimya tangu uhitimu, ingia kwenye akaunti yako ya Bodi, chukua kumbukumbu namba, uanze kulipa mwezi huu.