Jua Juu ya Waya: Kupiga Picha za Utambulisho wa Wanyama Kupitia Uzio

Mada iliyoandaliwa kwa semina ya wahudumu wa wanyama na walimu walezi wa klabu za wanyamapori, Nairobi

Utangulizi

Niliombwa kuzungumzia mbinu za kupiga picha safi kupitia uzio wa waya. Nimepewa dakika arobaini. Nitapita haraka kwenye mambo ambayo karibu kila mmoja wetu anayajua, ili nibaki na muda wa jambo moja ambalo nimehangaika nalo miaka mingi na bado halijapata ufumbuzi.

Mifano yangu ni ya hapa Nairobi. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa 1946. Ina uzio kaskazini, mashariki na magharibi, na kusini iko wazi kuelekea tambarare za Kitengela. Kituo cha wanyama yatima kilicho kwenye lango lake kilifunguliwa 1964, na watoto wengi wa mji huu walimwona simba kwa mara ya kwanza hapo, kupitia waya. Yanayofuata kuhusu matatizo ya kazi sikuyakuta katika kituo kimoja, na sitataja ofisi yoyote.

Fasili

Uzio wa waya tunaokutana nao ni wa aina tatu: wavu wa kusokotwa wenye macho ya umbo la almasi, ambao mafundi wetu huuita cheni-linki, wavu wa kuchomelea wenye macho ya mraba, na nyaya za umeme zilizotandazwa mlalo. Kuhusu za umeme nina neno moja tu. Hupeleka mpigo wa maelfu ya volti takriban kila sekunde, kwa hiyo lenzi, mkono na hasa miguu ya chuma ya kamera vikae mbali nazo. Fasili ya lenzi, shata na fokasi mnazo kwenye karatasi mlizogawiwa asubuhi.

Picha safi ni ya nini

Watu wengi hudhani picha safi ni ya kupendeza ukutani. Kwetu ni kitambulisho. Mwaka 1970 Pennycuick na Rudnai walichapisha njia ya kumtambua simba mmoja mmoja kwa madoa ya masharubu: unatazama madoa ya safu ya juu kabisa ya shavu, yamekaa wapi yakilinganishwa na safu iliyo chini yake, shavu la kulia na la kushoto. Judith Rudnai aliwafuatilia simba wa hifadhi hii hii ya Nairobi. Njia hiyo haihitaji dawa ya usingizi wala kumgusa mnyama. Inachohitaji ni shavu linaloonekana vizuri.

Sasa weka waya mbele ya shavu hilo. Katika kituo kimoja nilichofanyia kazi walikuwapo simba jike wawili wa tumbo moja. Picha ya mmoja ilipigwa saa sita mchana, na fundo la waya, likiwa nje ya fokasi, likaangukia safu ya juu na kulifuta doa moja. Mwandishi wa faili akahesabu pungufu. Kwa miezi saba faili za ndugu wale wawili zilibadilishana, uzito wa huyu ukaandikwa kwa yule, mpaka mhudumu aliyewalisha kila siku aliposema kwa upole kwamba karatasi hazifanani na wanyama anaowajua. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Tangu siku hiyo sijaweza kuliona suala la waya kuwa dogo.

Jinsi waya unavyopotea

Fikirieni mwanga unaotoka kwenye doa moja la shavu. Unasambaa na kuingia kwenye lenzi kwa upana wote wa tundu lake, kama faneli iliyolazwa: ncha kwa simba, mdomo kwenye kamera. Lenzi ya milimita 200 iliyofunguliwa f/2.8 ina tundu la milimita 71 hivi. Simba akiwa mita 6 kutoka kwenye kamera na uzio ukiwa mita 1.2, faneli hiyo inapita kwenye uzio ikiwa na upana wa milimita 57. Waya wa milimita 2.5 hauwezi kuiziba. Unachukua sehemu ndogo tu, na macho hayauoni.

Mnyama akilala sentimita 30 nyuma ya wavu nanyi mko mita 2 mbele ya wavu huo, faneli ile ile inapita kwenye waya ikiwa na upana wa milimita 9 tu. Hapo waya unachukua zaidi ya theluthi ya mwanga wa kila doa unalolipitia, na mistari inajichora usoni. Ndiyo sababu tunafundisha mambo matatu: fungua tundu, sogea karibu na waya, subiri mnyama aondoke kwenye waya. La tatu ndilo lenye nguvu kuliko yote, na ndilo ambalo wageni hawana subira nalo.

Simu ni habari nyingine. Tundu la lenzi ya simu nyingi halizidi milimita 5, kwa hiyo waya mmoja huziba zaidi ya nusu. Simu haiwezi kuuyeyusha waya. Inapaswa kuchungulia ndani ya jicho la wavu. Kwa vizimba vya ndege hilo linawezekana. Kwa simba na chui kuna reli ya vyuma inayowazuia wageni wasifike kwenye wavu, na reli hiyo haina mjadala. Nimeona baba akimpakata mtoto mkono mmoja na kunyoosha simu juu ya reli kwa mkono wa pili. Nilimwomba arudi nyuma, akarudi, lakini moyo wangu ulichukua muda kutulia.

Tatizo lenyewe: jua juu ya waya

Kwa miaka ya mwanzo niliamini adui ni reli. Nilidhani ningeruhusiwa kusogea mpaka kwenye wavu, picha zingesafika. Hesabu niliyowapa hivi punde inaonyesha kwamba sivyo: hata kwa umbali wa reli, mnyama akiwa mita chache ndani, waya unayeyuka. Hata hivyo picha zangu ziliendelea kutoka zimepauka kama zimepigwa kupitia maziwa. Madoa meusi yalikuwa ya kijivu. Mistari ya waya haikuwapo, na bado waya ulikuwapo kila mahali.

Sababu ni hii. Waya mweusi huondoa mwanga kidogo tu. Waya unaong'aa huongeza mwanga ambao si wa simba. Chukueni wavu wa macho ya milimita 50 na waya wa milimita 2.5: waya unafunika karibu sehemu moja ya kumi ya eneo lote. Simba kalala kivulini, waya uko juani. Waya wa zinki ulio juani ukiwa unang'aa mara kumi kuliko simba wa kivulini, na mchana wa Januari hilo si jambo la ajabu, basi karibu nusu ya mwanga unaoingia kwenye kamera ni wa waya. Umetandazwa sawasawa juu ya picha nzima. Fokasi haiuondoi, na lenzi ya bei kubwa haiuondoi.

Nililielewa hilo siku kituo kimoja kilipobadilisha wavu. Wa zamani ulikuwa na kutu, na kutu hairudishi mwanga mwingi. Ulistahili kubadilishwa, kwa usalama wa wahudumu sina neno. Ulipofungwa wavu mpya wa zinki, picha zetu za wiki ile zilikuwa mbaya kuliko za miaka mitano iliyotangulia, kwa kamera ile ile na mpiga picha yule yule.

Dawa ni kivuli. Natumia kaniki, ile ile nguo nyeusi waliyovaa bibi zetu shambani. Wenzangu wawili wanaishika juu ya mianzi, wakiwa upande wa nje wa reli, ili kivuli chake kianguke juu ya wavu mahali lenzi inapotazama. Simba habadiliki, mwanga wake haubadiliki, lakini madoa yanarudi kuwa meusi. Mhudumu mmoja alipoiona tofauti hiyo kwenye kioo cha kamera aliniuliza kwa nini hatukufanya hivyo tangu mwanzo. Sikuwa na jibu.

Kaniki ina mipaka. Inahitaji watu watatu, inapepea kwenye upepo, na duma wapya huiogopa. Tulipoona duma anazungukazunguka tuliikunja mara moja. Kwa hiyo nilipendekeza jambo la kudumu: kipande cha wavu cha mita moja kwa mita moja, kwa kila kizimba, kipakwe rangi nyeusi isiyong'aa, upande wa nje. Hoja zilizotolewa dhidi yake nazikubali kuwa ni za haki. Mnyama huweza kulamba au kutafuna waya, kwa hiyo daktari wa wanyama lazima aidhinishe rangi, na isiwe na risasi. Zinki mpya haishiki rangi vizuri mpaka ioshwe mafuta na kupakwa praima. Manunuzi yana utaratibu wake. Lakini niliandika barua ya kwanza, nikaandika ya pili, nikaambatanisha picha mbili mbili za kulinganisha, na jibu likawa kwamba barua imepokelewa. Miaka imepita. Kopo moja la rangi. Nasema haya kwa heshima, kwa kuwa najua ofisi zina mzigo mkubwa, ila mzigo wa faili zisizosomeka nao upo, na anaoubeba ni mhudumu.

Mapendekezo

Kwa uongozi wa vituo napendekeza kwanza rangi nyeusi isiyong'aa kwenye kipande kimoja cha kila kizimba, baada ya idhini ya daktari. Pale ambapo rangi haiwezekani, paa dogo la kivuli juu ya sehemu hiyo hiyo litatosha. Wavu mpya unapoagizwa, iulizwe mapema kama upo uliopakwa rangi nyeusi kiwandani, maana baada ya kufungwa huwa tumechelewa. Reli ibaki ilipo, na kwenye reli kuwekwe maandishi yanayowaonyesha wageni mahali pazuri pa kusimama, ili asiwepo wa kunyoosha mkono.

Kwa wahudumu: pangeni picha za utambulisho kwa saa na kwa majira. Nairobi iko kusini kidogo tu ya ikweta, hivyo adhuhuri ya Juni jua liko kaskazini na ya Desemba liko kusini. Upande wa kizimba uliokuwa na kivuli mwezi mmoja hautakuwa nacho mwezi mwingine. Mawingu ya Julai, ambayo wageni huyalalamikia, ndiyo rafiki yetu mkubwa. Zimeni flashi, kwa sababu inaugonga waya kwanza. Chagueni nukta moja ya fokasi na kuiweka usoni, au mgeuze fokasi kwa mkono, la sivyo kamera itashika waya. Fungueni tundu la lenzi. Subirini mnyama aondoke kwenye wavu. Na kivuli juu ya waya, narudia, kabla ya yote hayo.

Kwa wote wanaotunza faili: programu za kompyuta zinazofuta waya zisitumike kwenye picha ya utambulisho. Programu ikifuta waya hujaza pengo kwa kukisia kilichokuwa nyuma yake, na doa la kukisia si doa la simba yule. Picha yenye waya iandikwe kuwa ina waya, shavu lipigwe tena. Kwa kadi ya salamu au ukuta wa darasa, watumie watakavyo.

Kwa walimu walezi: wanafunzi wenye simu waanzie vizimba vya ndege, na si nyani, ambao huinyakua. Wafundisheni kuweka lenzi ndani ya jicho la wavu bila kuugusa. Wakifika kwa simba wabaki nyuma ya reli wakiwa na daftari, wahesabu madoa kwa macho au darubini na kuyachora. Kila klabu iwe na kaniki moja.

Kwa kamati ya semina: naomba pendekezo la rangi nyeusi liingizwe kwenye maazimio kwa maneno yake, likitaja mwenye jukumu na tarehe, lisimezwe ndani ya sentensi ya kuboresha mazingira kwa jumla.

Saa nane, baada ya chakula, tutakwenda kwenye kizimba. Kila kikundi kitapiga shavu moja mara mbili, bila kaniki kisha na kaniki, bila kubadilisha chochote kwenye kamera. Nahitaji watu wawili warefu wa kushika mianzi.