Rekodi ya Chepng'etich bado ipo

Msikilizaji wa Ukunda, Diani na Msambweni, wapo vinyozi ambao kuta zao ni jumba la kumbukumbu: picha za wanamichezo zilizokatwa magazetini. Je, picha ya Ruth Chepng'etich ibaki hapo?

Oktoba 2024, jijini Chicago, alikuwa mwanamke wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa mbili na dakika kumi. Alitumia 2:09:56. Mwaka mmoja baadaye akafungiwa miaka mitatu, kwa sababu sampuli yake ya Machi 2025 ilikutwa na dawa ya kuongeza mkojo, iliyopigwa marufuku kwa kuwa huweza kuficha dawa nyingine. Rekodi haikufutwa: yaliyofutwa ni matokeo ya kuanzia siku ya sampuli. Kisheria sawa, lakini mashabiki wameingiwa na shaka.

Shaka kama hiyo iliwahi kuzuka Marekani: mpira wa besiboli uliompa mchezaji Barry Bonds rekodi mwaka 2007, wakati tuhuma za dawa zikimwandama, ulinunuliwa kwa zaidi ya dola 750,000. Mnunuzi akauchora alama ya nyota ya shaka, kisha ukapelekwa makumbusho.

Mimi ningeiacha picha ya Chepng'etich, na adhabu iandikwe chini yake. Anayeniuma zaidi ni Buzunesh Deba wa Ethiopia. Katika marathoni ya Boston ya 2014 alishindwa na Rita Jeptoo wetu, ambaye baadaye alipokonywa ushindi kwa kosa la kutumia EPO, dawa iliyopigwa marufuku. Deba alisubiri zawadi ya mshindi hadi 2024, na aliyemlipa dola 75,000 hakuwa mwandaaji wa mbio bali shabiki, kutoka mfukoni mwake.