Mgeni wa Safu ya Nyuma

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, nanyi wasikilizaji mlioko majumbani na mabwenini, leo twapenda kuzungumza juu ya mgeni asiyekuja kwa siku tatu, bali kwa masomo ya mwaka mzima na zaidi.

Mji wetu wa Ifakara umewazoea wageni wa elimu. Tangu mwaka 1949, alipofika Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, kuchunguza maradhi ya bonde hili la Kilombero, hawakukoma kuja. Na kazi aliyoianza ndiyo iliyozaa Taasisi ya Afya Ifakara. Wazee wetu nao wawakumbuka mafundi wa Kichina waliojenga reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975. Wao walikaa kambini mwao, nasi vijijini mwetu. Reli ikabaki, lakini ni nani kati yetu anayelikumbuka jina la fundi mmoja?

Miaka michache iliyopita alikuja kijana Mwislamu kutoka nchi ya mbali, mwanafunzi wa utabibu, asiyejua Kiswahili. Ijumaa nne aliswali nasi katika safu ya nyuma. Kila alipotoka tulimpa mkono, tukamwambia: "Karibu, karibu sana." Ijumaa ya tano hakuonekana, wala hakuna aliyeuliza. Jumanne tukasikia amelazwa kwa malaria, baada ya kuungua homa siku tatu chumbani peke yake, hali mmoja wa waliosimama naye bega kwa bega ana duka hatua hamsini kutoka mlango wake.

Mwenyezi Mungu alimponya. Tulipokwenda kumtazama alitushukuru kwa adabu, kisha akasema kwa Kiarabu neno lililotuinamisha vichwa: kwamba hajapata kukaa na watu wanaosalimu kama sisi, lakini tangu afike hajaulizwa swali la pili.

Nasi twalijua jambo hilo, maana tumepata kuwa wageni. Tuliposoma Khartoum katika miaka ya 1990 alikuwapo mama mmoja muuza chai, chini ya mti. Hakuwa na cha kutupa ila kigoda na maswali: mama yako hajambo? Barua imefika? Jana usiku mlikula nini? Vita vilipozuka Sudan mwezi wa Aprili 2023, tulimfikiria yeye kabla ya kuwafikiria walimu wetu. Na bado, tuliporudi kwetu, tulikuwa tumeyasahau mafunzo yake.

Mtume (S.A.W.) hakuwaacha wageni wa Madina na salamu tu. Salman, Mwajemi aliyefika huko baada ya safari ndefu na utumwa, alifungiwa udugu na Abu Dardaa. Salman akamtembelea nduguye, akaona jinsi mke wa nyumba ile alivyosahauliwa kwa sababu ya saumu za mchana na swala za usiku kucha. Akamtaka mwenyeji wake ale, akamtaka alale, akamkumbusha kuwa mwili una haki na ahali wana haki. Mtume akasema Salman amesema kweli. Tazameni: mgeni ndiye aliyemrekebisha mwenyeji, na aliweza kwa kuwa aliingizwa ndani.

Basi tukaanza jambo dogo. Kila Alhamisi baada ya alasiri tulitandika mkeka barazani, tukaweka kahawa, tukamwita kijana yule pamoja na wanafunzi wetu. Mwanzoni ilikuwa tabu. Wanafunzi walimsaili kama mtahini: nchi yenu ina watu wangapi, mji mkuu ni upi? Hata siku moja mmoja wao akamwuliza kwao wapikaje wali. Hapo ulimi ulifunguka, maana katika lugha yake neno ni moja tu, na sisi watu wa Kilombero twamtaka ajue mpunga, mchele na wali. Walicheka mpaka adhana ya magharibi. Naye alitufundisha kosa letu: tulipokula sinia moja, yeye tulimwekea kiti, sahani na kijiko. Tulidhani twamheshimu, kumbe twamweka mbali.

Wengine watauliza: na asiye Mwislamu je? Someni Suratul Mumtahina, aya ya 8, inayohusu wema kwa wasiotupiga vita. Najashi alikuwa Mkristo alipowapa hifadhi masahaba waliohamia Habash. Wanafunzi wa kike wageni nao wasisahauliwe. Mama zetu na binti zetu wana mikeka yao. Lakini twawaonya wale wanaomwomba mgeni karo kabla ya kulijua jina lake. Hiyo ni biashara, tena ya aibu.

Kijana yule alimaliza masomo akarejea kwao. Mwaka huu wamekuja wengine wawili, na mmoja amekaa safu ya nyuma. Alhamisi, baada ya alasiri, mkeka utatandikwa pale pale.

Wa billahi taufiq.