Mafuta Ndani ya Mota ya Umeme

(Hotuba kwa mafundi na wasimamizi wa viwanda vya chai)



Kazi ya kiwanda cha chai haingoji. Majani mabichi yaliyochumwa asubuhi huko Kericho, Limuru au Nyeri hufika kiwandani siku ile ile, nayo yakikaa yamelundikana hushika joto, yakabadilika rangi na kuwa mekundu, na mwisho hayafai tena kufanywa chai nzuri. Hasara hiyo si ya wenye mashamba makubwa tu. Tangu kiwanda cha Ragati kilipofunguliwa mwaka 1957 kwa ajili ya wakulima wadogo, majani mengi yanayongoja mlangoni yamekuwa mali ya mtu mwenye shamba dogo, aliyeyachuma kwa mikono yake na ya jamaa zake. Basi mota moja ikisimama wakati wa majani mengi, msimamizi hushikwa na wasiwasi, fundi naye huhimizwa, na mara nyingi ni haraka hiyo inayounguza mota au kumuumiza mtu.

Hotuba hii yahusu sababu moja ya kusimama kwa mota, nayo ni mafuta ya gia au grisi kuingia ndani yake.

Chai nyingi ya Kenya hukatwa kwa mashini ya CTC, iliyobuniwa na William McKercher huko Assam, nchi ya India, mwaka 1930. Mashini hii ina magogo mawili ya chuma yenye meno, yanayozunguka kwa kukabiliana, moja upesi na jingine polepole, na majani hupita katikati yakapondwa, yakararuliwa na kukunjwa. Ili magogo yaende kwa mwendo huo mbalimbali lazima pawe na gia, na gia lazima zikae katika mafuta. Pahali pengi mota hufungwa kwa bolti ubavuni mwa sanduku la gia, shafti ya mota ikiingia humo moja kwa moja. Kinachozuia mafuta yasifuate shafti mpaka ndani ya mota ni sili, yaani pete ya mpira yenye mdomo mwembamba unaoikumbatia shafti. Mdomo ule ukiisha, au shafti ikichimbika kijifereji mahali pale unapoigusa, mafuta hupata njia.

Lakini sili si mwenye hatia siku zote. Sanduku la gia lina tundu dogo la kupumulia. Vumbi la chai likiliziba, hewa iliyopata moto ndani haina pa kutokea, nayo huyasukuma mafuta yapite katika sili hata kama ni mpya kabisa. Tena wako watu wanaojaza mafuta kupita alama, wakidhani ya kuwa mengi ni bora kuliko kiasi. Wengine hupiga grisi katika beringi za mota kila wapitapo na bomba lao, bila kufungua kizibo cha chini cha kutolea grisi kuukuu. Grisi isiyo na pa kwenda hutafuta pake, na mara nyingi hupapata ndani, juu ya koili. Na mtu akichanganya grisi za namna mbili zisizopatana, kama ile ya lithiamu na ile ya polyurea, huenda ikalainika na kutiririka kama uji.

Sasa yafaa kueleza mafuta yanadhuru namna gani, maana jambo hili halifahamiki vema. Mafuta safi hayapitishi umeme. Transfoma nyingi zimejazwa mafuta makusudi, ili yawe kinga na kupoza. Kwa hiyo mota inaweza kulowa mafuta na bado ikaendelea na kazi kwa majuma kadhaa, na fundi akiipima aone namba nzuri. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Madhara huja nyuma ya mafuta. Kwanza, mafuta hushika vumbi la chai, chembe za chuma na masizi, na takataka hizo zikinyonya unyevu umeme hupata njia ya kupita. Pili, tope hilo huziba nafasi za hewa baina ya koili na kuyafunika mapezi ya nje ya mota, joto likakosa njia. Kila kinga ya waya ina kiasi chake cha joto, na ile ya daraja la F, iliyo katika mota nyingi za siku hizi, haipaswi kupita nyuzi 155 za Sentigredi. Mafundi hukadiria kuwa kila joto likizidi kwa nyuzi 10, umri wa kinga hupungua kwa nusu. Tatu, mafuta mengine yakikaa muda mrefu hulainisha vanishi ya namna za zamani, na huvimbisha mpira wa waya zinazokwenda kwenye kisanduku cha kuungia.

Mota ikishukiwa, kazi ya kwanza ni kuzima swichi kubwa, kuifunga kwa kufuli, na kutundika kibao chenye jina la mwenye kufuli. Ufunguo hukaa mfukoni mwa fundi mwenyewe. Kisha apime kwa chombo kuhakikisha ya kuwa umeme haupo, asiamini mkono wa swichi peke yake.

Baada ya hayo mota hufunguliwa kutoka kwa waya za kiwanda na kupimwa kinga yake kwa Megger. Kwa mota ya volti 415 hutumiwa kipimo cha volti 500 kwa muda wa dakika moja, baina ya koili na mwili wa mota. Kwa mota ya namna hii namba isiyopungua megaohmu 5, koili ikiwa na joto la nyuzi 40, ndiyo kiasi cha chini kinachokubaliwa. Zile za kale, zilizosukwa kabla ya mwaka 1970 hivi, huruhusiwa kuwa chini kidogo ya hapo. Baada ya kupima, koili iunganishwe na mwili wa mota kwa dakika chache ili umeme uliobaki ndani utoke, la sivyo utamrusha mtu. Na kwa sababu iliyokwisha elezwa, namba nzuri haitoshi. Kifuniko kitolewe na macho yatazame.

Ikionekana ya kuwa mafuta yameingia, fundi ataweka alama kwenye vifuniko na ncha za waya, kisha ataitoa rota. Tope hukwanguliwa kwa kijiti cha mti, wala si kwa bisibisi, kwa kuwa ngozi ya waya ni nyembamba sana na mkwaruzo mmoja wa chuma waweza kuiua koili nzima. Yanayobaki hupanguswa kwa matambara makavu.

Kisha huja swali la kuoshea. Wako wanaochukua petroli, kwa kuwa ipo karibu na hukata mafuta upesi. Petroli isitumiwe hata mara moja. Mvuke wake hutambaa chini sakafuni mpaka ukute cheche, na katika kiwanda chenye majiko ya kukaushia chai cheche haziko mbali. Zamani mafundi walipewa dawa iitwayo tetrakloridi ya kaboni, wakasifiwa ya kuwa haishiki moto. Ni kweli haishiki moto, lakini mvuke wake huharibu ini na figo, na ikigusa chuma chenye moto mkali yaweza kutoa gesi ya sumu. Dawa hiyo iliongezwa mwaka 1990 katika Mkataba wa Montreal wa kulinda tabaka la ozoni, na kwa hiyo haina tena mahali katika karakana. Mzee wa kazi akiwa na chupa yake kabatini, aheshimiwe mzee, lakini chupa iondolewe kwa taratibu ya vitu vya sumu.

Kinachofaa zaidi ni kitu ambacho wengi hukiogopa, nacho ni maji. Stata, yaani ile sehemu isiyozunguka yenye koili, huoshwa kwa maji ya moto na sabuni isiyo kali, yakitoka kwa nguvu ndogo kama ya mpira wa bustani, kisha husuuzwa kwa maji safi mpaka yatokayo yawe meupe. Maji hayo machafu yasielekezwe mtoni. Hofu ya maji ni ya haki iwapo mota itarudishwa kazini ikiwa mbichi. Ikikaushwa sawasawa, maji hayaachi dhara.

Kukausha ndiyo kazi yenyewe, na ndiko subira hujaribiwa. Stata huwekwa ndani ya tanuri na joto hupandishwa polepole, lisipite nyuzi 90 maadamu unyevu ungalipo, kwa kuwa maji yakichemka ndani ya koili hupasua kinga. Kila baada ya saa fulani hupimwa kwa Megger na namba kuandikwa. Fundi mgeni hushtuka, kwa kuwa namba huanza kwa kushuka! Asitishike; joto hulegeza unyevu uliojificha. Baadaye namba hupanda, na ikikaa pale pale kwa saa kadhaa, koili imekauka. Isipopanda, au ngozi ya waya ikiwa imekwisha kubanduka, hapana budi mota isukwe upya. Iliyokauka vema hutumbukizwa katika vanishi na kuokwa tena.

Kazi hii yaweza kuchukua siku mbili au zaidi, na majani hayatangoja siku mbili. Ndiyo maana kiwanda chenye busara huweka ghalani mota moja ya akiba kwa kila ukubwa unaotumika katika mstari wa CTC. Bei yake huonekana kubwa mpaka siku ile magunia yanapopangana mlangoni.

Wakati mota ikikauka, fundi arudi kwenye sanduku la gia. Azibue tundu la kupumulia, aweke sili mpya, apitishe ukucha juu ya shafti kutafuta kijifereji, na apime mafuta yasipite alama. Beringi zilizokutwa na tope zisirudishwe. Mota ikirudi mahali pake iendeshwe kwanza bila mzigo, na umeme wa waya zote tatu upimwe uone kama unalingana. Baada ya juma moja kizibo cha chini kifunguliwe tena, na kidole kipitishwe humo kuangalia kama kitatoka kikavu.