Kabla Hujavaa Joho la Uwakili

 

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, twasikia: "Mimi nataka kuwa wakili." Vyema. Lakini tusidanganyane. Wengi wameliona joho na gari; njia yenyewe hawajaonyeshwa.

Kwanza, ni miaka. Shahada ya sheria ni miaka 4, na ukimaliza bado hujawa wakili. Waenda Chuo cha Sheria cha Kenya kusoma tena na kufanya mtihani wa masomo 9. Ukianguka somo moja, walirudia, na kulirudia ni kwa ada. Kisha kuna uanagenzi wa miezi 6 chini ya wakili mzoefu: kupeleka faili masjala, kupiga foleni, na posho pengine haifiki hata nauli. Ndipo ule kiapo mbele ya Jaji Mkuu. Na cheti cha kufanya kazi chalipiwa kila mwaka.

Wazazi, aliyeapishwa juzi si tajiri. Kesi huahirishwa, mteja hulipa nusu. Mpeni muda.

La pili ndilo zito: amana. Wakili hushika pesa zisizo zake, za kiwanja kinachouzwa au fidia ya aliyegongwa na gari. Sheria yamtaka aziweke katika akaunti ya wateja, mbali na zake. Sasa kodi ya ofisi imefika, zile pesa zimelala, na shetani anakwambia, "Azima tu, utarudisha." Ukizigusa, jina lako laweza kufutwa kwenye orodha ya mawakili. Na kwa Mola, yuko mjane anayengoja haki yake.

Basi mbona uende? Kwa sababu watu wetu wahitaji mtu. Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kinaipa Mahakama ya Kadhi ndoa, talaka na mirathi za Waislamu wanaokubali kwenda huko. Lakini kesi ya jinai, au ya kibarua aliyefutwa kazi, huenda kwengine, na huko mama zetu hutia kidole kwenye karatasi wasizozielewa.

Kijana, nenda ukaketi mahakamani siku moja, usikize. Na Ramadhan hii jipime: ukipewa mia ya mtu uifikishe, ifike ile ile. Ukiweza hilo, jaza fomu.

Wabillahi tawfiq.